Indiketa ya kulia ya lori usiku, njia ya Kusini: anakuambia nini hasa?

#1 Chikongola_Mjini (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni.

Naomba tulijadili hili, hasa ninyi mnaoshinda kwenye barabara ya Kusini. Ukisafiri usiku kutoka Kibiti kuja Nangurukuru, Lindi mpaka huku Mtwara, lori likikujia mbele linawasha indiketa ya kulia. Halikati kona, maana hakuna pa kukatia, pande zote ni pori. Linawasha, mnapishana, linazima. Mabasi nayo yamefuata mkumbo tangu yaruhusiwe kutembea usiku 2023.

Ukiwauliza madereva kila mmoja anakuja na lake. Wapo wanaosema anakuonyesha bodi inapoishia. Wapo wanaosema anakuomba ushushe taa. Mwingine kaniambia ni salamu tu.

Ila ya kushoto ndiyo inayonitisha zaidi. Upo nyuma ya semi, lile lori refu la tela, mbele huoni kitu, dereva wake anakuwashia kushoto. Barabarani wote wanajua hiyo ni "pita, kweupe". Chuo cha udereva tulifundishwa kwamba kushoto ni kukata kushoto au kusimama pembeni, basi. Kwa nini tunaweka roho zetu kwenye taa ya mtu tusiyemjua? Kwa maoni yangu utaratibu huu uandikwe rasmi na ufundishwe, au upigwe marufuku kabisa. Katikati hapafai.

Karibuni.

#2 Tandiboi_Mstaafu
Ya kulia ni mwisho wa bodi, haina maana nyingine. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ubavu wa kulia wa lori ndio unaokukabili wewe unayekuja. Usiku unachoona ni taa mbili tu. Hujui nyuma yake kuna Canter au kuna Fuso lililojazwa ufuta mpaka turubai limetokeza nje. Indiketa iko kwenye ncha kabisa ya kichwa. Dereva anakuambia: naishia hapa, baki upande wako. Mwelewa anasogea kushoto kidogo, mnapishana salama.

#3 Binti_Mchinga
#2 sawa mjomba, lakini basi halina mzigo unaotokeza, mbona nalo linawasha? Na Noah nimeziona zikiwasha.

#4 Tandiboi_Mstaafu
Basi upana wake ni ule ule wa lori, mita mbili na nusu hivi. Noah anaiga tu, mwanangu, hajui anachokifanya.

#5 Fuso_la_Tunduru
Niko kwenye makaa ya mawe, Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara. Mzee wangu wa #2 nakuheshimu, ila mwanzo wake sivyo hivyo. Mwanzo wake ni taa mbovu.

Lori likiwa na taa ya kulia iliyokufa, kwa mbali unaona taa moja tu, ya kushoto. Unajua ni bodaboda. Unajiachia mpaka kwenye mstari wa kati, unakuja kushtuka umebakiza hatua chache na kuna mlima wa chuma mbele yako. Wazee waliokuwa wakitembea na jicho moja ndio walioanza kuwasha indiketa ya kulia ili ujue upande ule kuna gari. Wenye taa nzima wakachukua hapo. Mpaka leo ukiona indiketa imewashwa mapema sana, mbali kabisa, angalia vizuri, mara nyingi ile taa ya kulia haiwaki.

#6 Korosho_Ghafi
Na mbona hamtengenezi hizo taa?

#7 Fuso_la_Tunduru
#6 balbu ya lori inakufa kila kukicha kwenye makorongo, tajiri yupo Dar, wewe upo Mangaka saa nane usiku. Duka la balbu liko wapi hapo?

#8 Mwalimu_Fizikia_Masasi
Naomba niongeze la tatu, maana naona #2 na #5 hawajagusa suala la kupofushana macho.

Taa ya chini, hii mnayoita dimu, haimuliki sawasawa pande zote. Inatengenezwa ili irushe mwanga mbali zaidi upande wa ukingo wa barabara na ikate upande wa anayekuja. Gari lililotengenezwa kwa nchi ya kuendesha kulia, Ujerumani kwa mfano, mwanga wake mrefu unaelekea kulia. Likiletwa hapa likabadilishwa usukani tu, taa zikaachwa zile zile, mwanga ule unakwenda moja kwa moja machoni mwa anayekuja, hata kama dereva ameshusha. Wewe unamrushia fulu, yaani taa ndefu, yeye anadhani unamtukana, naye anakurushia fulu kukuonyesha kwamba alikuwa ameshusha tangu mwanzo. Wote wawili mmepofuka kwa sekunde kadhaa, kila mmoja ana haki yake.

Hapo ndipo indiketa inapopata kazi. Ni mwanga wa njano, hauumizi macho, unaweza kuutazama. Mimi naamini madereva wengi wanaiwasha kukuambia "taa zangu ndizo hizi, sina nyingine ya kushusha, fuata hii ya njano". Ukiitazama ile ya njano badala ya taa nyeupe, macho yako hayafi.

#9 Tandiboi_Mstaafu
Mwalimu umeongea, lakini mwishowe umerudi kwangu: "fuata hii ya njano" ndiyo "naishia hapa".

#10 Mwalimu_Fizikia_Masasi
Hapana mzee. Wewe unasema anakuonyesha upana wake. Mimi nasema anakupa mahali pa kuweka macho. Gari lenye upana mdogo na taa mbaya nalo litawasha, na hilo linajibu swali la Noah la Binti_Mchinga.

#11 Mjukuu_wa_Nachingwea
Shikamooni wakubwa. Babu yangu mzaa mama alikuwa dereva Nachingwea enzi za mpango wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 wakauacha 1951. Malori yao mengi yalikuwa ya jeshi, yamebaki baada ya vita. Walitembea msafara, gari nyuma ya gari, usiku. Babu alisema ishara zote hizi zilianzia kwenye ile misafara, wa mbele anamwambia wa nyuma apite au asipite. Kwa hiyo hii ni mali ya Kusini, wengine wamechukua kwetu.

#12 Gereji_Mikindani
#11 marahaba. Msafara nakubali, indiketa sikubali. Malori ya jeshi ya enzi zile hayakuwa na taa za kukonyeza. Dereva alitoa mkono dirishani. Magari madogo ya Kiingereza ya zama hizo yalikuwa na kijiti kinachochomoka ubavuni kinawaka taa ndani, hakikonyezi. Niliwahi kushika Morris moja yenye vile vijiti, ya mzee mmoja wa Mikindani, kijiti cha kushoto kimekwama nje kwa kutu. Indiketa za kukonyeza zimeenea baadaye. Babu yako atakuwa aliongelea ishara za mkono.

#13 Mjukuu_wa_Nachingwea
Inawezekana ni za mkono. Yeye alikuwa akituonyesha kwa mkono wakati akisimulia, anautoa nje kama yuko dirishani na kuuzungusha.

#14 Gereji_Mikindani
Hiyo ya kuzungusha ni mwongozo wa Kiingereza kabisa. Mkono wa kulia nje, umenyooka: nakata kulia. Unauzungusha kinyume cha saa: nakata kushoto. Unaupandisha na kuushusha, kiganja chini: napunguza. Vyuo vya udereva vimefundisha hivyo miaka mingi. Vijana wa leo mkono wakiutoa ni kutupa chupa ya maji.

#15 Mbeya_to_Mtwara
Samahani kuwaharibia sherehe ndugu zetu wa Kusini, ishara hizi ni za njia ya Zambia. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake Novemba 1965, Zambia ilikosa njia ya mafuta, na malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar usiku na mchana kwenye barabara ya vumbi. Vumbi lile huoni mbele, unategemea wa mbele yako akuambie. Kushoto pita, kulia tulia. Kusini wakati huo mlikuwa na malori mangapi? Mvua ikinyesha mnafungwa Rufiji mpaka Juni.

#16 Korosho_Ghafi
Haya, mtani wa Mbeya kaja na ubishi wake. Nani alikufungulia geti?

#17 Kivuko_cha_Ndundu
#15 tulifungwa kweli, sibishi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 tulivuka kwa kivuko pale Ndundu, na kipande cha Ndundu–Somanga, kilometa 60, kilikuwa cha mwisho kupata lami kwenye njia hii. Lakini kukwama ndiko kulikotufundisha ishara. Barabara ya tope ina njia moja ya matairi. Malori mawili yakionana uso kwa uso, mmoja lazima atoke kwenye mstari, na akitoka anaweza kuzama mpaka ekseli. Kwa hiyo walikubaliana mbali kabisa, kwa taa. Anayezima taa zake amesimama, anakuachia njia. Anayerusha fulu mara moja anasema "nakuja mimi, nina mzigo". Akiwasha indiketa anakuonyesha upande atakaotokea. Hiyo ya mwisho ndiyo naona imebaki kwenye lami mpaka leo, ingawa hakuna tena anayetoka kwenye mstari.

#18 Chikongola_Mjini
Nashukuru sana #17. Naona sasa tuna mwisho wa bodi, taa mbovu, mahali pa kuweka macho, msafara, njia ya Zambia na tope la Ndundu. Lakini hakuna aliyenijibu kuhusu kushoto.

#19 Konda_Mnazi_Mmoja
Mkuu kabla ya kushoto, mmezisahau za mikono, na hizo ndizo zinazotulisha. Mimi ni konda wa basi la Masasi–Dar, kazi yangu nusu ni kusoma mikono ya wenzetu wanaotoka tunakokwenda.

Kiganja kinapapasa hewa kushuka chini: punguza, mbele kuna jambo. Kidole kinaelekezwa chini juu ya dashibodi: trafiki yupo hapa hapa, kona inayofuata. Kidole kinazungushwa juu: wapo ila wanahama, wapo kwenye gari. Ngumi imeshikwa mbele ya jicho: tochi, ile ya trafiki ya kupimia mwendo. Kiganja kinafuta kioo kushoto kulia: hakuna kitu, kweupe. Vidole viwili kichwani: ng'ombe barabarani.

Hii ya ng'ombe zamani haikuwepo njia hii. Imekuja na wafugaji waliohamishwa kutoka Usangu miaka ya 2006 na 2007 wakaletwa Lindi. Sasa Kilwa nzima jioni unakuta kundi limekaa kwenye lami kwa sababu ina joto.

#20 Fuso_la_Tunduru
Kidole chini kwetu sisi wa makaa ni mizani, siyo trafiki. Trafiki ni kugusa bega, pale panapokaa cheo.

#21 Konda_Mnazi_Mmoja
Basi ndiyo maana jana umenigusia bega hapo Mtama nikadhani unawashwa.

#22 Binti_Mchinga
😂😂😂

#23 Wakili_wa_Lindi
Tusaidiane kwenye sheria kidogo, maana mjadala umeingia kwenye kuonyana kuhusu tochi.

Sheria yetu ni ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kwenye makazi kikomo ni 50 kwa saa, mabasi na malori makubwa ni 80 hata nje ya makazi. Anayeovateki ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha mbele ni salama. Ukigongana uso kwa uso ukajitetea kwamba lori lilikuwashia kushoto, utetezi huo haukuondolei kosa.

Nchi za wenzetu zimegawanyika. Mwongozo wa barabara wa Uingereza unasema fulu ni ya kumjulisha mwenzako kuwa upo, basi, na unaonya usichukulie kamwe fulu ya mwenzako kuwa ni ruhusa ya kupita. Huko ukionya watu kuhusu tochi unaweza kushtakiwa kwa kumzuia polisi kazi yake. Ujerumani, nje ya mji, fulu ya kutangaza kuwa unaovateki imeruhusiwa kisheria. Marekani, mwaka 2014, jaji wa mahakama ya shirikisho huko Missouri aliuzuia mji mmoja kuwakamata madereva wanaorusha taa kuonya wenzao, akaona ni sehemu ya uhuru wa kujieleza. Na Japani hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja, ikiwashwa kidogo baada ya kuachiwa njia ni asante, kila mtu anajua.

#24 Gereji_Mikindani
Hazadi ya asante ipo hata kwetu, au indiketa kulia-kushoto-kulia. Nadhani tumeletewa pamoja na magari yao.

#25 Nesi_wa_Ndanda
Naomba nitofautiane na wanaosifia kuonyana kuhusu tochi. Mimi nipo upande wa kupokea majeruhi. Mnapomrushia taa mwenzenu mkidhani mnamwokoa na faini ya elfu thelathini, hamjui mnamwokoa nani. Dereva aliyekuwa anakimbia 120 anapunguza kwa dakika tano, anampita trafiki na salamu, anarudi 120. Angesimamishwa pale, abiria wake wangepumua. Nimemshika mkono mama aliyekuwa kwenye Hiace iliyopinduka, akaniambia dereva wao alikuwa akisoma taa za wenzake njia nzima, anapunguza na kukimbia, anapunguza na kukimbia, abiria wakimsifu kuwa ni mjanja.

#26 Konda_Mnazi_Mmoja
Dada nesi nakuelewa, na pole kwa kazi. Ila na sisi tupo kwenye mfumo, mabasi yana kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ukizidisha mwendo wanaona wenyewe. Siku hizi taa nyingi ni za ng'ombe, gari bovu, ajali. Ukizikataza zote, na hizo zinakufa.

#27 Nesi_wa_Ndanda
Sijazikataa za ng'ombe na gari bovu, kaka. Hizo endeleeni nazo, zinatupunguzia wagonjwa. Nimesema ya tochi.

#28 Korosho_Ghafi
Mimi upande wangu ni tofauti. Onyo linampunguza hata aliyekuwa hajui kama yupo kwenye kibao cha 50. Pale Mikindani, kona za kandokando ya bahari, watoto wa shule wanavuka. Mtu akirushiwa taa anapunguza, na hao watoto wanavuka. Sababu yake haijalishi.

#29 Mwalimu_Fizikia_Masasi
Turudi kwenye kushoto, Chikongola_Mjini amesubiri sana. Nawapa hesabu.

Semi lina urefu wa mita 17 au 18. Linatembea 60 kwa saa, wewe unatembea 80. Tofauti ni 20, yaani karibu mita tano na nusu kwa sekunde. Ili ulipite kuanzia nafasi salama nyuma mpaka urudi mbele yake unahitaji kulizidi kwa mita zisizopungua 58 hivi. Hizo ni sekunde kumi au zaidi. Kwa sekunde kumi wewe umekwenda mita 220, na anayekuja kwa 80 naye amekuja mita 220. Kwa hiyo dereva wa semi akikuwashia kushoto, maana yake anakuhakikishia kuwa mita 440 mbele yake hazina gari. Mchana kwenye mnyoofu anaziona. Usiku taa zake hazimuliki hata nusu ya hapo, anachokuahidi ni kwamba hajaona taa nyingine. Gari lisilo na taa, baiskeli ya mkaa, ng'ombe wa #19, hao hawamo kwenye ahadi.

#30 Fuso_la_Tunduru
Mwalimu hesabu yako ni sahihi kabisa. Ndiyo maana mimi usiku simuwashii mtu kushoto. Kulia namuwashia, nikiona hatari. Maana ya kulia hata akiielewa vibaya hapati madhara: akidhani nakata kulia, hatapita, akidhani namzuia, hatapita. Kushoto ukiielewa vibaya ndipo unapoumia.

#31 Chikongola_Mjini
#30 umesema lililokuwa linanikaba. Kulia makosa yote yanaangukia kwenye usalama. Kushoto haiko hivyo.

#32 Noah_ya_Nyangao
Niseme nilichokiona mwenyewe. Nilikuwa wa tatu: mbele lori la korosho, katikati gari dogo, mimi nyuma. Mchana kweupe, barabara imenyooka. Lori likawasha kushoto. Yule wa katikati akatoka. Na kweli hakukuwa na gari lolote linalokuja, dereva wa lori hakumdanganya. Ila kulia palikuwa na kanjia ka kijiji kati ya mikorosho, na bodaboda ikatokea pale, imebeba mtu na debe la ming'oko, ikaingia barabarani ikitazama lori tu. Gari dogo lilikuwa limefichwa na lori.

Bodaboda ilikwepa ikaenda mtaroni. Abiria alivunjika mguu. Dereva wa lori aliendelea na safari, wala hakujua kilichotokea nyuma yake. Kijana wa gari dogo alibaki amekaa chini kwenye nyasi anarudia "si aliniwashia, si aliniwashia". Wanakijiji wakamjibu hapa hakuna aliyekuwashia, wewe ndiye uliyekuja.

Tangu siku ile naona hivi: dereva wa lori anakutazamia magari. Hakutazamii watu.

#33 Nesi_wa_Ndanda
Pole sana. Hii ndiyo ya kuwasomea madereva chuoni.

#34 Mbeya_to_Mtwara
Poleni. Kuna na malori ya usukani wa kushoto, wengi hamjayataja. Dereva wa nyuma akiwa na usukani wa kushoto haoni chochote anapotaka kuovateki, kwa hiyo tandiboi, msaidizi wa dereva, anachungulia dirisha la kulia na kusema "twende" au "bado". Niliwahi kufanya kazi hiyo nikiwa kijana. Ukisema "twende" umebeba roho ya dereva, ya kwako na ya anayekuja. Lakini angalau mpo gari moja, mkifa mnakufa wote. Yule wa mbele anayekuwashia kushoto hana cha kupoteza.

#35 Tandiboi_Mstaafu
Si kweli kwamba hana cha kupoteza. Ukigongana na anayekuja ubavuni mwake, yeye ndiye anayekuwa ukuta. Tulikuwa tunamsaidia mtu apite ili tuondokane naye, maana gari dogo linalokuvizia nyuma kwa kilometa kumi, linachomoza linarudi, linachomoza linarudi, ni hatari kwetu kuliko kwake. Msitufanye watu wabaya.

#36 Binti_Mchinga
Mjomba hakuna aliyesema ni wabaya. Ila mngeacha kuwasha kushoto mkapunguza mwendo tu mkasogea pembeni kidogo, aone mwenyewe. Aamue kwa macho yake.

#37 Tandiboi_Mstaafu
Hilo tulikuwa tunalifanya kwenye mnyoofu. Bega la barabara likiwa zima. Maeneo mengine lami imeliwa pembeni, ukisogea na tani thelathini unaondoka na ukingo.

#38 Newala_Ukunguni
Wenzangu mnaongelea lami tu. Huku Makonde juu, Newala, asubuhi ukungu unafunga kabisa, na vipande ambavyo lami haijafika kiangazi ni vumbi jekundu tupu. Sisi taa tunawasha mchana, na hazadi juu. Halafu mtu akiwasha hazadi anatembea nayo, indiketa zake zote zinakonyeza pamoja, hujui tena kulia wala kushoto. Kwa hiyo ishara yenu yote inakufa hapo. Tunabaki na honi: moja ndefu kabla ya kona. Wa upande wa pili akijibu, unasubiri.

#39 Gereji_Mikindani
#38 umegusa jambo. Hazadi si ya kutembea nayo. Ni ya gari lililosimama au lililopata shida. Na nyongeza ya gereji: ukiona indiketa ya mwenzako inakonyeza harakaharaka kupita kawaida, kwenye magari mengi ni balbu moja upande huo imekufa. Mwambie akisimama.

#40 Kivuko_cha_Ndundu
Na matawi je? Ishara ya zamani kuliko zote na inayosomwa na kila mtu, hata asiyejua kuendesha. Gari limekufa, unakata matawi unayapanga barabarani kuanzia mbali kuja kwenye gari. Mei 2024, barabara ilipokatika Kilwa baada ya mvua na kimbunga Hidaya, Somanga tulilala kwenye foleni ya magari yasiyo na idadi, na watu walijipanga kwa matawi na tochi za simu. Pembetatu za kuakisi tunazodaiwa na trafiki zilionekana chache mno.

#41 Konda_Mnazi_Mmoja
Pembetatu ukiiacha barabarani usiku hukuti kitu asubuhi. Tawi haliibiwi.

#42 Nesi_wa_Ndanda
Ila tawi haling'ai usiku, na wenye gari wakishatengeneza wanaondoka wanayaacha. Anayekuja saa tisa usiku anakwepa matawi ya gari lililoondoka jana, anaingia upande wa mwenzake. Tafadhali, mkiondoka ondokeni na matawi yenu.

#43 Binti_Mchinga
Hili la #42 tulifanyie kazi leo leo. Jana jioni kuna Fuso lilikuwa limekufa karibu na daraja la Mbwemkuru ukitokea Lindi, matawi pande zote mbili, na mawe makubwa matatu wameweka chini ya matairi. Kuna aliyepita?

#44 Korosho_Ghafi
Nimepita saa nne usiku. Fuso lilikuwepo bado, fundi yupo chini yake na tochi mdomoni.

#45 Konda_Mnazi_Mmoja
Sisi tumepita alfajiri. Fuso limeondoka, matawi na mawe yalikuwa bado kwenye lami. Tulisimama, mimi na abiria wawili tukayatoa yote tukayatupa porini, abiria wengine wanalalamika tunachelewa. Mbwemkuru kweupe. Ila Mchinga kuna ng'ombe, mwendo mdogo.